Wazee Wawili Wagombania Kufa

Winifred, fundi wa nguo za waigizaji, alikuwa akishikiza vifungo ndani ya basi la studio, lililokuwa njiani kwenda jangwani California kupiga picha za filamu ya wachunga ng'ombe. Mbele yake walikaa Orville na Thaddeus, wazee wawili walioigiza majambazi, wenye bastola za bandia, wakizozana. Kwenye filamu alibaki jambazi mmoja tu wa kupigwa risasi, na mwongozaji alikuwa hajaamua afe nani.

"Niachie mimi, bwana," Orville alisihi. "Siku zote naanguka kifudifudi. Dada yangu kule Nebraska kila akienda sinema anaona kisogo tu. Safari hii nataka nife chali, anione uso."

"Uso wenyewe huo?" Thaddeus akamcheka. "Mwache dada wa watu na kisogo chake! Halafu wewe hufi, unasinzia. Mimi nikifa, hata farasi wanalia."

"Wewe? Juzi watu walikwenda kula, wakarudi, bado unatapatapa, roho haitoki!"

Winifred aliuma uzi asiangue kicheko.

Walipokuwa wanafika, ng'ombe akakatiza mbele na dereva akakanyaga breki. Wazee wote wawili wakaporomoka sakafuni. Winifred aliruka kwa hofu, akawaita. Kisha akamwona Orville anajigeuza polepole, uso juu, na Thaddeus anafumbua jicho moja kumchungulia mwenzake.

"Haya, shukeni!" dereva akapaza sauti.

Ikabidi abiria wawaruke, maana hakuna maiti aliyekubali kuinuka wa kwanza.