Fundi Yotamu Mwalyego na Vile Vidonge Vyeupe

Wachungaji, majirani wa Ipogolo, na ndugu mliosafiri kutoka Mbeya, familia inaomba utulivu wenu ili tumsindikize mpendwa wetu kwa habari za maisha yake.

Yotamu Aroni Mwalyego alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Inyala, Mbeya, mtoto wa tatu wa Mzee Aroni na Mama Tusekile, na tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali, kiasi kwamba akitumwa mafuta ya taa alichelewa kurudi, akiwa bado anamuuliza mwenye duka yanachimbwa wapi.

Alisoma Shule ya Msingi Inyala kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, mwaka 1978 akaja Iringa kujifunza useremala, na mwaka 1985 akafungua karakana yake hapa Ipogolo, kando ya barabara kuu. Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Esnath Kalinga wa Kihesa, wakajaliwa watoto watatu, Obeid, Pendo na Goodness, na katika kwaya ya matarumbeta ya usharika wetu yeye ndiye aliyepiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote.

Mwaka 2004 vumbi la mbao lilianza kumbana kifua, akaambiwa ni pumu, na rafiki akamwelekeza vidonge vidogo vyeupe vya dukani, ambavyo ukivimeza jioni, asubuhi kifua kimefunguka. Alivimeza siku za kupiga tarumbeta tu, baadaye kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kuandikiwa na daktari, maana kupumua ni kutamu.

Mwezi Juni 2015, akiinua fremu ya dirisha, alisikia kitu kikikatika mgongoni kama kijiti, akakaa chini jasho likimtoka. Wengine walisema ni kazi nzito, wengine wakanong'ona kuwa amechezewa, lakini yeye akasema, "Fremu ni nyepesi, na mimi sijazeeka, sasa kwa nini?" Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za mgongo zimebonyea, madaktari wakahofia kifua kikuu cha mifupa au saratani, wakampa rufaa ya kwenda Mbeya, na familia ikaishi na maneno hayo mawili bila kuthubutu kuyatamka.

Vipimo vya magonjwa yote mawili vilirudi safi, ndipo Daktari Sedekia wa huko Mbeya alipovuta kiti akamuuliza anatumia dawa gani, naye akajibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba hatumii dawa yoyote. Mkewe akamgeukia, "Na vile vyeupe je, Baba Obeid?" Akajibu, "Vile si dawa, mama, vile ni vya kufungua kifua tu." Daktari aliomba avione, na alipoviona akaeleza kwamba vikimezwa miaka mingi hudhoofisha mifupa kimyakimya, ikabaki na matundu ndani ingawa kwa nje mtu ni mzima, na kwamba ugonjwa huo hauwapati bibi vizee peke yao.

Marehemu alisema, "Nikimeza, mifupa inakwisha, nikiacha, pumzi inakata, sasa nichague kipi?", na kwa mara ya kwanza Mama Obeid alimwona akilia. Daktari alimkataza kuviacha ghafla, kwa kuwa mwili ukishavizoea unaweza kuzidiwa, akampunguzia kidogo kidogo kwa miezi, akampa dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, na kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, cha kumeza asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, bila kujilaza baada ya hapo, akamsisitizia pia maziwa, dagaa na kutembea. Marehemu aliuliza kwa nini asijilaze, akajibiwa kwamba kidonge kikikwama kooni kinaunguza, akauliza kama mfupa unaweza kujirudisha, maana mbao iliyoliwa na bungua hairudi, daktari akacheka, "Fundi, mfupa uko hai, utajijenga kiasi, ila zile pingili hazitanyanyuka."

Ikawa hivyo. Alibaki mfupi kuliko mkewe, jambo ambalo Mama Obeid hakuliacha bila utani, besi ikamshinda uzito akamwachia Fanueli, kijana wa kwaya, akajifunza upya tarumbeta dogo, akikosea mbele ya vijana bila aibu, na Pasaka ya mwaka 2018 alipiga ibada nzima, wala hakuvunjika mfupa mwingine tena. Kila mtu ambaye marehemu alimsikia akikohoa kwa kubanwa, alimuuliza, "Unameza nini?", wengine walikereka, lakini Yudith wa Mlandege alikwenda kupimwa kwa sababu ya swali hilo, naye yupo nasi hapa leo.

Tarehe 2 Mei 2025 alilazwa hapa Iringa kwa homa ya mapafu, na mchana wa tarehe 9 Mei, muuguzi alipokuja na sindano, alimuuliza kwa sauti ndogo inaitwaje na inafanya nini, muuguzi akaketi akamweleza yote taratibu, naye akasema, "Asante, sasa choma." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na alasiri hiyo Bwana akamchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Iringa na Mbeya waliomjibu bila kuchoka, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake waliomchongea jeneza, na kwaya iliyompigia asubuhi hii.

Baba Obeid, umeuliza vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.