Bi Rudia Anavua Koti Jeupe

Tarehe 30 Juni, mkemia mkuu wa maabara yetu atastaafu baada ya kuitumikia idara hii ya forodha kwa miaka thelathini na moja. Jina lake kamili limo kwenye kibao cha mlango, lakini anayelitumia ni mhasibu peke yake, tena mwisho wa mwezi. Sisi wengine tunamwita Bi Rudia, kwa kuwa hakuna kipimo alichowahi kukikubali mara ya kwanza bila kutamka neno hilo. Mumewe, fundi saa, anasema hata mchuzi wa nyumbani huonjwa mara mbili.

Aliajiriwa akiwa binti mdogo, wakati maabara ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na jiko la ofisi. Alipima pombe na mafuta ya taa, na harufu ya vyote viwili ikaingia kwenye vikombe vya wenzake. Alipiga kelele mpaka ukuta ukajengwa, na chai ikarudi kuwa chai.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ilianza pale dawa za kulevya za aina mpya zilipoanza kupita kwenye vifurushi. Ni jamii ya afyuni, ila hazitoki shambani. Hutengenezwa kwa kemikali, na chembe ndogo iliyofichwa ndani ya unga wa kawaida inatosha kuua. Wakaguzi wetu walikuwa wakifungua maboksi kwa kisu na kubahatisha kwa macho. Mkurugenzi akamkabidhi Bi Rudia jukumu la kuchagua vifaa vya mkononi vya kuwasaidia pale pale mlangoni, kabla sampuli haijafika maabara.

Wauzaji walikuja na suti zao, wakitarajia chumba cha mikutano chenye kiyoyozi. Bi Rudia aliwapeleka ghalani, bati juu, vumbi chini, akawavisha glavu nene na kuwaomba wabonyeze vitufe. Mmoja alihangaika na kitufe chake mpaka miwani ikaingia ukungu. Bi Rudia akamletea kiti na maji ya kunywa. Baadaye kampuni yake ilirudi na vitufe vikubwa, na wawili hao hutumiana salamu hadi leo.

Mkurugenzi alikipenda kifaa cha leza, kinachosoma unga kupitia mfuko wa plastiki bila kuufungua. Bi Rudia naye alikipenda. Lakini alipokipa sukari yenye chembe ndogo ya dawa, kilisoma sukari. Hakikudanganya, kiliona kile kilichokuwa kingi. Vikaratasi vya kupimia, vikichovywa kwenye maji yenye unga ule ule, viliiona dawa. Tatizo lake ni kwamba havikusema ni kiasi gani, na mara nyingine vilishtuka bure. Akapendekeza vyote viwili vitumike pamoja, na jibu la mwisho litoke maabara. Mkurugenzi alitaka kifaa kimoja, basi. Walibishana kwa heshima wiki nzima, mwishowe mkurugenzi akatia saini.

Miezi michache baadaye, mshonaji mmoja alisimamishwa kwenye dirisha la ukaguzi akiwa na kichupa cha unga mweupe. Alieleza kuwa ni vidonge vya mzio alivyomsagia mama yake, ambaye koo lake halimezi tena kitu kigumu. Leza haikupata jibu. Kikaratasi kikasema dawa ya kulevya ipo. Mkuu wa zamu, tunayemwita Komando, alikwisha kushika simu awaite polisi, na mshonaji akawa anauliza nani atamlisha mama yake.

Bi Rudia alishuka ngazi, kikombe bado mkononi, akamwambia Komando kwa sauti ya chini: "Kikaratasi kinatuomba tutazame tena. Hakituombi tumfunge mtu."

Akayatazama maji ya kipimo. Yalikuwa mazito kama uji, na dawa ya mzio ikizidi hivyo, kikaratasi hushtuka. Akaongeza maji, akapima upya: hakuna kitu. Hata hivyo hakuridhika mpaka mashine kubwa ya maabara ilipothibitisha. Komando mwenyewe alimrudisha mshonaji kwao kwa gari la idara, na tangu hapo kila chumba cha ukaguzi kina kijiko cha kupimia na chupa ya maji yenye alama.

Hakuvidharau vikaratasi kwa hilo. Mwaka uliofuata vilinasa kopo la maziwa ya unga ambalo leza ilikuwa imelipitisha, likielekea kwenye mtaa uliojaa watoto. Siku hiyo hakufanya mzaha na mtu. Alikaa kitini, akampigia binti yake simu, akamwambia hana shida yoyote, alitaka kumsikia tu.

Dada yetu, asante kwa ukali wako, kwa vicheko vyako na kwa kutufundisha kutokuwa na haraka na maisha ya watu. Wako wengi waliofika salama kwao bila kujua kwamba ulikuwepo. Sisi tunajua. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na siku zako zote ziwe njema.