Bi Vipimo na Nyayo za Punda wa Kambi

Tarehe thelathini mwezi huu, ofisi ikifungwa, Bi Vipimo atakabidhi ufunguo wa chumba cha ramani na kwenda zake nyumbani, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchora misitu, mito na mabwawa ya wilaya yetu. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba mimi, Mzee Panga, niandike wasifu wake. Amesema niandike kwa ufupi na nisijisifu. Basi nitaandika kwa ufupi.

Kazi hii nimepewa kwa haki. Hakuna njia aliyopita Bi Vipimo porini ambayo mimi sikumtangulia, panga mkononi, nikimfungulia vichaka. Kusoma nimejifunza ukubwani, tena kwa kusoma majina ya mito kwenye ramani zake, ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa tupu, mhariri atazipunguza. Nilistaafu kabla yake lakini sikuondoka. Msitu haukuniruhusu.

Alipofika hapa alikuwa binti mwembamba mwenye begi kubwa kuliko mgongo. Ramani wakati huo zilichorwa kwa wino, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi uliotegeshewa tofali. Kila kitu alikipima: upana wa mto, unene wa mti, hata kivuli cha Bwana Misitu, mkuu wetu, akiwa amesimama anahutubia. Jina la Bi Vipimo likamganda. Baadaye zikaja kompyuta, zikaja picha za setilaiti, ikaja na jipiesi, kile kidude cha mkononi kinachokumbuka kila unapopita, halafu njia yako ikaonekana kama mstari kwenye ramani. Wenzake wa rika lake walivikimbia vitu hivyo. Yeye alivitia adabu. Mimi nilivikataa, na bado navikataa, kwa sababu mtu anayejua njia hahitaji kuambiwa na betri.

Ila ukweli usemwe. Mwanamke huyu aliyeuchora msitu mzima hajui njia za mjini. Tulipohamia jengo jipya aliingia stoo mara kadhaa akitafuta ofisi yake, na kila mara akatoka na ufagio ili asionekane amepotea. Binti wa dereva wetu alipoolewa, Bi Vipimo alikwenda harusini, akala, akapiga vigelegele, akaacha na zawadi. Kesho yake dereva akamuuliza mbona hakufika. Mpaka leo kuna maharusi wawili mahali fulani wana mashuka mazuri na hawamjui aliyewapa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwaka mmoja chemchemi ya mlimani, inayojaza matangi ya mji, ilianza kupungua. Mabomba yakawa yanakohoa hewa. Fundi bomba akabadilisha koki, akabadilisha mabomba, mwisho akabadilisha maelezo. Bi Vipimo akasema ugonjwa hauko kwenye mabomba, uko juu. Kuna watu wanakata miti karibu na chemchemi. Makao makuu wakamwambia, tuonyeshe ni wapi. Wakampa hadi mwisho wa mvua. Akishindwa, chumba cha ramani kigeuzwe stoo ya matairi, naye ahamishiwe masjala akapige mihuri. Matairi yenyewe yalishaletwa, yamepangwa koridoni, yanasubiri kama warithi.

Mvua ikinyesha, mlima ule hujifunika wingu gubigubi kama mgonjwa wa homa. Kila picha ya setilaiti ilitoka nyeupe. Bwana Misitu aliitazama moja, akaigeuza juu chini, akauliza kama tumeagiza picha za pamba. Macho yaliyobaki yalikuwa ya walinzi wa doria. Basi Bi Vipimo akampa kila mlinzi jipiesi, azunguke nayo mlimani juma zima, kisha airudishe ili njia yake ichorwe, ijulikane wapi pamekaguliwa na wapi bado.

Hapo ndipo anaingia mlinzi tuliyemwita Mwepesi, kwa sababu hakuwa. Mistari ya wenzake ilikuwa mifupi, imenyooka, inakwenda na kurudi. Wa kwake uliuzunguka mlima, ukapanda, ukashuka, ukazama vichakani ambako hata nyani huomba radhi. Bwana Misitu akamsifu mbele ya wafanyakazi wote, akamzawadia viatu vipya vya mpira, akatuambia sisi wengine tuone haya.

Mimi sikuona haya. Niliomba nionyeshwe huo mstari. Bi Vipimo akaukuza kwenye kompyuta, nikautazama kwa jicho lililofuata nyayo kabla kompyuta haijazaliwa. Mstari unashuka kijitoni jua la utosi, unasimama. Unakwenda kwenye mti mmoja, unausugua huku, unausugua kule, unaondoka. Kesho yake mti uleule.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu si mtu. Huyu ni punda wa kambi."

Mwepesi alikuwa mlangoni na viatu vyake vipya. Akaanza kukagua dari. Kumbe kila siku punda akishamaliza kuwapandishia walinzi maji kambini kwao, Mwepesi humfunga jipiesi shingoni, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, humwachia aende kulisha, yeye hurudi kujifunika blanketi.

Ofisi ilicheka mpaka mhasibu akashika mbavu. Mtu mwingine angeufuta mstari ule na kumfukuza Mwepesi hapohapo. Bi Vipimo hakucheka. Alikuwa ameinama, pua inakaribia kugusa kioo.

"Mzee, mbona alasiri zote anakaa hapa?"

Nikamjibu punda ni punda, akishachoka na dunia husimama popote.

"Hasimami pasipo na majani," akasema. "Na hapa ramani inasema msitu mnene, jua haligusi ardhi. Majani yametoka wapi?"

Nilichukua panga.

Tulipanda kesho yake. Punda mbele, mimi nyuma ya punda, jambo nililolipinga, Bi Vipimo nyuma yangu, na Mwepesi nyuma ya wote, amebeba mizigo ambayo kwa kawaida hubebwa na punda. Wingu lilikuwa zito, mkono wako mwenyewe huuoni. Mara pakawa peupe. Uwanja mzima: visiki vibichi, matanuri ya mkaa yakifuka, moshi na wingu havitofautiani, na katikati yake majani mabichi, laini. Punda akainamisha kichwa akaanza kula kama mfanyakazi aliyewahi zamu. Wachoma mkaa walikuwa wamekimbia waliposikia panga langu likija. Birika lao la chai lilikuwa bado la moto. Chai haikumwagwa. Bi Vipimo akauzunguka uwanja kwa miguu yake, jipiesi mkononi, kisiki kwa kisiki. Chemchemi ilikuwa chini kidogo tu. Ukidondosha jiwe linajipeleka lenyewe.

Ramani ile aliituma makao makuu. Lakini nakala kubwa aliibandika ukutani kwenye kioski cha maji, watu wanapopanga foleni kutwa na ndoo zao. Nilimwambia anapoteza karatasi. Mama mmoja fundi cherehani akaweka kidole kwenye bomba la mtaa wake lililokauka, akaufuata mstari wa bluu hadi mlimani, kidole kikaishia kwenye doa la ule uwanja. Akasoma maandishi ya pale, "Matanuri ya mkaa", akayarudia. Kisha akageuka kumtazama mume wa dada yake, aliyekuwa anapita na baiskeli imejaa magunia.

"Shemeji," akasema, kwa ule upole unaotisha, "kumbe mkaa unaoniuzia ni maji yangu."

Foleni nzima ikageuka. Shemeji akashuka kwenye baiskeli. Akaambiwa mengine ambayo mhariri hatayachapa. Haukupita muda alikuwa mlimani na wenzake wakipanda miche, na wanawake wamekaa ukingoni, mikono kiunoni, wakisahihisha mashimo.

Miche ile sasa ni miti. Chemchemi ilirudi taratibu, kama mtu aliyesusa anavyorudi mezani. Matairi yakarudishwa gereji. Mwepesi hakufukuzwa, Bi Vipimo alimwombea, kwa sharti amfuate punda kwa miguu msimu mzima, jipiesi mkononi mwake mwenyewe. Leo ndiye mkuu wa doria, na hakuna mlinzi anayeweza kumdanganya, maana hila zote ni zake. Viatu vya mpira alinyang'anywa, vikaenda kwa mshindi wa halali, lakini havikumtosha, mshindi ana miguu minne.

Kazi ile, kwa hiyo, tuligawana sawasawa: mimi nilimtambua punda, yeye akatambua majani. Hata hivyo, ramani mpya ya wilaya ilipotoka, mahali pale pameandikwa "Kwa Punda", kwa herufi za serikali kabisa. Nilikwenda kumuuliza kwa nini hakuna mahali paitwapo Kwa Mzee Panga.

"Mzee," akasema, "wewe umepita kila mahali. Nitakuandika wapi?"

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu, na nimeamua ni sifa.

Bi Vipimo amejenga chini ya mlima uleule. Bomba la uani kwake linakunywa kwenye chemchemi ile, na jirani yake ni yule fundi cherehani, kwa hiyo msitu bado una walinzi. Anatuachia chumba cha ramani kikiwa chumba cha ramani. Anatuachia meza, na tofali lake.

Asante, mwanangu, kwa yote uliyotupimia. Keti sasa, ufungue bomba, unywe maji uliyoyatafuta mwenyewe. Uzee wako uwe mrefu na magoti yako yakutii. Na siku ukipotea njia ya sokoni, maana utapotea, usihangaike na betri. Mfuate punda, yeye bado yuko kazini.