Sifuri ya Mama Marejeo

Tarehe 30 Juni Mama Marejeo anatimiza miaka thelathini na mmoja katika jarida letu la utafiti wa metali, na siku hiyohiyo anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye ukurasa wa pili wa kila toleo, lakini ukilitaja humu ofisini watu watakuuliza unamtafuta nani. Sisi tunamjua kwa kazi yake: kuhakiki orodha ya marejeo mwishoni mwa kila makala, na kuhesabu nani amemrejelea nani.

Alikuja akiwa mtafiti kijana wa usubuji wa chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, kushika nafasi ya mtu aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenye nafasi hakurudi, na Mama Marejeo hakuondoka. Siku zile hesabu zilifanywa kwa mkono, majarida ya wenzetu yakifunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Kompyuta zilipofika alizipokea vizuri, ila mpaka leo haamini jumla yoyote ambayo hajaipitia mwenyewe kwa penseli.

Ukipanda ngazi hadi ghorofa yetu, kitu cha kwanza kukupokea ni grafu yake. Ilianzia kwenye mlango wa mhariri mkuu, na kwa kuwa kila mwaka huongezewa kipande cha karatasi, imeshapita chumba cha chai, imekata kona na sasa inaelekea msalani. Mstari wa bluu ni makala tulizochapisha, nao umekuwa ukipanda bila wasiwasi. Mwekundu ni mara ambazo watafiti wengine wamezirejelea makala hizo. Huo una maringo. Unapanda, unanuna, unashuka, kisha unapanda tena pale usipotarajia.

Ni yeye aliyetufundisha kuusoma. Alituonyesha jinsi chuma cha kusubu kilivyoanza kukosa wa kukirejelea, alumini ikashika usukani, na sasa metali za betri zinagombewa kama viti vya mbele harusini. Alituonyesha pia kwamba marejeo hayagawanyiki sawa. Makala chache hubeba karibu mstari wote mwekundu, kwa sababu mtafiti hurejelea kile ambacho wenzake wamekwisha kukirejelea. Mwenye nacho huongezewa. Nyingine hurejelewa mara moja au mbili katika miaka mitatu ya kwanza, kisha basi. Na zipo ambazo hazirejelewi hata mara moja. Hizo aliziita mayatima.

Mtu mwingine angeziacha. Yeye alizianzishia chai. Kila mwisho wa mwaka huandaa jedwali la mayatima wote tangu jarida lianze, huandika vichwa vyao kwenye vikaratasi, huvikunja na kuvitia kwenye kopo la biskuti. Kila mfanyakazi huchota kimoja, anakwenda kuisoma makala hiyo, na baada ya wiki moja anatusimulia imesema nini, chai ikiwa mezani. Hakuna kusamehewa. Mwaka mmoja mhariri mkuu alichota makala ndefu kuhusu kutu ya boliti, akalalamika wiki nzima kwamba ameonewa. Siku ya chai alifika na boliti mfukoni, amezing'oa kwenye tangi la maji la nyumbani kwake, akatuonyesha moja baada ya nyingine mpaka chai ikapoa. Mama Marejeo alicheka hadi akavua miwani.

Asilolipenda hata kidogo ni marejeo ya hisani, yaani mtu kumtaja mwenzake ili kumfurahisha, si kwa sababu ameitumia kazi yake. Hayo huyakata bila kuangalia sura. Na hapa ndipo penye kisa cha mkwe wake.

Mume wa binti yake ni mtafiti wa unga wa alumini. Ndoa ilipokuwa bado mbichi alituletea makala nzuri, na mwishoni mwa orodha ya marejeo akapachika makala ya mama mkwe. Maana Mama Marejeo naye ana makala moja, aliyoichapisha katika jarida hilihili mwaka mmoja kabla hajaajiriwa. Inahusu nyundo za mashine za kusaga nafaka. Haijawahi kurejelewa, na katika lile jedwali la mayatima ipo kila mwaka, jina lake waziwazi na sifuri mbele yake. Kalamu ya mkwe ingeifuta sifuri hiyo siku moja. Lakini nyundo za kusagia na unga wa alumini havijuani hata kwa salamu. Mama Marejeo alikata mstari ule, akaandika pembeni: “Asante, baba. Zawadi huletwa nyumbani.” Jumapili iliyofuata mkwe alifika kwake na kitenge, akiwa hajui atazame wapi. Alipewa chai, na kitenge kikapokelewa kwa vigelegele.

Tulicheka sana kisa hiki. Hatukujiuliza kama kukata mstari ule kulimuuma.

Mwezi uliopita tulikaa kupanga zawadi ya kumuaga. Mmoja wetu akapendekeza kila mhariri airejelee makala ile katika tahariri zijazo, ili mama aondoke na mstari wake mwekundu. Tukashangilia, hadi mtu akakumbusha kwamba hata akiwa mstaafu atarudi na penseli kuukata. Ndipo mhariri mkuu akauliza swali dogo: hivi makala yenyewe inasema nini?

Hakuna aliyejua. Miaka yote hiyo ametusomesha mayatima wa watu, na kikaratasi chake hakikuwahi kutiwa ndani ya kopo. Kinyozi hajinyoi. Mimi niliona haya, nasema kweli, na sikuwa peke yangu.

Basi tukaitoa kabatini, tukafunga mlango wa chumba cha chai, tukaanza kuisoma kwa sauti, kila mtu ukurasa wake. Inaeleza kwa nini nyundo hizo hupasuka mapema: chuma kinamiminwa kwenye kalibu ya mchanga wenye unyevu, kinapoa upesi upande mmoja, na ufa unaanzia ndani pasipoonekana. Tulipofika kwenye picha ya ufa huo, Bwana Tanuri, mhariri wetu wa makala za usubuji, tunayemwita hivyo kwa sababu havui sweta hata jua liwake vipi, alisema, “Ngoja kwanza. Hebu lete huku.” Alitumalizia kuisoma yeye, na hakuirudisha. Sentensi ya mwisho ya makala inasema kwamba jambo hilo bado halijajaribiwa kwa chuma chakavu kilichoyeyushwa upya. Tangu wiki ile Bwana Tanuri anashinda maabara, na sweta amelivua.

Hatujui atapata nini. Akiirejelea makala yako, Mama, atairejelea kwa sababu ameihitaji, na hutakuwa na pa kuweka penseli.

Asante kwa kutufundisha kwamba kazi isiyo na wa kuisifu bado ni kazi. Asante kwa kutukatia mistari yetu ya uongo, na kutumiminia chai baadaye. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu kiasi, na asubuhi ambazo hakuna kinachohitaji kuhakikiwa.

Jedwali la mayatima la mwaka huu tumeliandaa wenyewe, mapema, ili ulione kabla hujaondoka. Mbele ya jina lako tumeandika sifuri, kama ulivyotufundisha. Ila tumeongeza safu moja ambayo hukuwahi kuiweka, ya waliosoma. Hapo, kwa jina lako, tumeandika: sote.