Vijiko vya Siku ya Kuzaliwa ya Mtukufu

Mtukufu Mtawala wa Wernsrode, ambaye tunafurahi kukuona ukiwa hai, Mheshimiwa Waziri von Strehl, Mchungaji wetu, mabibi na mabwana mlioalikwa:

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu nikiwa msichana. Ni mlio wa sarafu ya fedha ikianguka kwenye sakafu ya mawe, siku baba yangu, Fundi Quandt wa karakana ya sarafu, alipoambiwa kwamba Mtukufu ameamka na anataka soseji.

Mnaikumbuka wiki ile. Mtukufu, ulikuwa umekula samaki wa moshi, na daktari akasema Jumapili haitakukuta. Kwa desturi yetu, mtawala akifa, mwombolezaji hatoki kanisani bila sarafu yenye uso wa marehemu, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Je, fundi mwaminifu angengoja mpaka maiti ipoe? Baba aliyeyusha vijiko vya ikulu, akapiga sarafu sanduku zima zenye tarehe ya Jumapili hiyo. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa marehemu.

Uliitaka moja, ukaigeuzageuza.

"Fundi Quandt, hii pua si yangu."

"Ni ya marehemu, Mtukufu."

"Basi alinizidi uzuri."

Hukukasirika. Ulitoa amri ndogo tu: baba asistaafu mpaka sarafu zile zigawiwe kwa watu. Kila mwaka mpya baba aliziyeyusha, akazipiga tena kwa tarehe nyingine; na kila mwaka wewe ukanenepa. Mheshimiwa Waziri alikuwa akipita karakanani kuuliza, kwa upole, kama safari hii tarehe inaaminika.

Sasa macho ya baba yamefifia. Mwaka jana alikuchonga masikio mawili upande mmoja. Alipoomba kupumzika, ulimwambia, "Vumilia, mzee, nami najitahidi."

Mimi nilisomeshwa Kilatini ili niandike maneno ya pembezoni mwa sarafu hizo. Nimekuwa nikipiga magoti kanisani nikijiuliza: binti anayempenda baba yake, amwombee nani maisha marefu?

Nawashukuru kwa kunitegea sikio huku supu ikipoa. Nimeacha kuomba. Wiki iliyopita niliziyeyusha sarafu zote, na vijiko mlivyoshika ndizo hizo. Nendeni navyo nyumbani. Chako, Mtukufu, nimekichongea ile pua kwenye mpini. Amri yako imetimia: zimegawiwa. Kiti cha baba mnakiona kitupu. Aliondoka mlipoanza kula, na gari lake la farasi limeshavuka daraja.