Fundi Aliyezima Umeme wa Kamati

Thadei Lyimo anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua umeme katika nyumba za ushirika wetu hapa Barking. Kwenye ukurasa wa Kiingereza wa kijitabu hiki cha hafla ya kumuaga, mwenyekiti ameandika kwamba Thadei ni mtu wa ushirikiano. Sisi wa matengenezo tuliomba ukurasa huu wa Kiswahili ili tueleze huo ushirikiano wenyewe.

Alianza kwa kubadilisha taa za ngazi. Tangu hapo kitabu cha kanuni za nyaya kimevaa majalada kama bibi harusi: jekundu, kijani, manjano, buluu, kahawia. Kila kilipobadilika, Thadei alikwenda Croydon kufanya mtihani upya, na alirudi na cheti na mafua. Utaratibu wa nchi hii ya Waingereza ni kwamba wataalamu huandika kitabu, serikali hutunga sheria inayotaja toleo fulani, kisha wataalamu hulirekebisha toleo hilohilo kabla wenye nyumba hawajamaliza kulisoma.

Kamati yetu iliupenda mno utaratibu huo. Thadei alipoomba kila nyumba iwekewe kikatio kinachozima umeme kabla haujamuua mtu, aliambiwa nyaya zilikuwa halali siku zilipofungwa, tusubiri toleo jipya. Likatoka. Akaambiwa marekebisho yako njiani, haraka haraka haina baraka. Ikapita miaka minne. Mwenzetu alikuwa na orodha ya nyumba sitini na nne zisizo na kikatio, na hofu ya kweli kwamba mojawapo itatoa jeneza.

Januari moja zamu ya kukaguliwa ikaufikia ukumbi wa kamati, wenye nyaya za umri uleule. Thadei akaandika "hatari", akazima umeme, akatia kufuli kwenye swichi kuu, yote kwa mujibu wa kanuni. Wajumbe walikutana humo kwenye baridi, makoti yao mwilini. Kikao kilichukua dakika kumi na moja, na vikatio vikaanza kufungwa wiki iliyofuata.

Shukrani hazikumiminika. Émilienne wa ghorofa ya tatu, mama wa Bukavu, alipiga simu ofisini akiwaka: "Papa Thadei, ile kisanduku yako iko inazima umeme kila nikifula nguo! Kuya uitoe!"

Alikwenda, ila hakukitoa. Ndani ya mashine ya kufulia kulikuwa na waya uliochunika, na bati lote lilikuwa na umeme. Kikatio kilikuwa kimezima mara tatu asubuhi ile, kila mama alipoligusa kwa mikono yenye maji.

Asante, Thadei, kwa ukaidi wako, ambao ofisi huuita ushirikiano. Tunakuombea pumziko jema na mafua machache. Émilienne amekaa meza ya mbele leo, na bado anasema kisanduku kile ni kisumbufu. Uishi miaka mingi, kaka, uendelee kumsikia akilalamika.

Haika, Idara ya Matengenezo