Mama Kifuniko Hauzi Dawa kwa Asiyeumwa

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye pampu namba mbili ya kituo chetu cha mafuta, Mama Kifuniko anastaafu tarehe 30 Juni. Anayedhani ataondoka kimyakimya hajawahi kufanya naye zamu hata moja.

Jina hilo alipewa na madereva. Kabla ya kugusa pampu, hufungua kifuniko cha tangi na kusoma namba ya okteni iliyobandikwa ndani yake, yaani daraja la petroli linaloifaa injini hiyo. Ikisomeka 91, anaweka 91. Mwenye gari aking'ang'ania 95 ili injini ipate nguvu, humwambia kwamba kumvisha mtoto viatu vya baba yake hakumrefushi miguu.

Meneja wetu wa zamani alipoamuru kila gari lishawishiwe kununua 95, ambayo ni ghali zaidi, sisi wengine tuliitikia, "Ndiyo, bosi." Yeye alijibu kwamba hauzi dawa kwa asiyeumwa. Akaonywa: akikaidi tena, kazi hana.

Haikupita muda, dereva wa teksi akarudi amefura. Injini ya gari lake ilikuwa ikigongagonga kila ikipanda mlima, kama debe la kokoto. Kifuniko kilisema 91, na Mama alijaza 91. Kumbe kifuniko chenyewe kilinyofolewa kwenye gari bovu la aina nyingine. Injini ile ilitaka 95. Meneja hakungoja asubuhi. Alimhamishia Mama kwenye kona ya kujaza magurudumu upepo, akimngoja aombe msamaha.

Msamaha aliuomba, lakini kwa dereva. Kwa meneja alisema kwamba aliyejikwaa haachi kutembea. Kisha akaongeza swali kwenye ukaguzi wake: "Shemeji, kifuniko hiki gari limezaliwa nacho au limekipata ukubwani?" Madereva walicheka, lakini walijibu. Wakawa wanaanzia kwake kwenye upepo, ndipo waje kwetu wakijua wanachotaka. Tulipowashawishi, walituuliza kama Mama amekubali. Kufikia Septemba mwaka huo meneja alimrudisha kwenye pampu yake bila kueleza sababu, naye hakumuuliza.

Sasa tunasikia kuna wanaosubiri aondoke ili amri ile irudi. Irudi tu. Itatukuta kazini, na safari hii hatutaitikia.

Asante, mama yetu, kwa kutufundisha kukataa bila kugombana. Ukapumzike kwa afya na furaha. Na siku utakayopita hapa ukaona foleni imekuwa ndefu, usihuzunike: ujue tunasoma vifuniko.